TEMBO, NYANGUMI NA BONGO ZA SAADANI

Mswahili akitaka kukumaliza kwa tusi moja hapotezi muda. Anakuita mnyama. "Mnyama wewe!" Yaani huna akili, huna utu, huna shukrani. Na hapa Dar, mji tuliouita Bongo kwa sababu bila kutumia ubongo huli, hakuna tusi linalouma kama kuambiwa kichwani hamna kitu.

Basi, msomaji wangu, leo tulichunguze tusi hilo. Maana nilikwenda Saadani mwezi wa Oktoba na washikaji wawili, tukijua tunakwenda kula kamba wabichi na kupiga picha za ufukweni, na huko nikasikia na kuona mambo ambayo yananifanya niulize: hivi aliyeanzisha tusi hili aliwahi kukutana na mnyama kweli?

PORI NA BAHARI, MLANGO MMOJA

Kwa asiyepajua, Saadani iko kaskazini ya Bagamoyo. Unauacha mji wa Bagamoyo, unavuka mto Wami wenye viboko na mamba, unapita pori na mashamba ya chumvi, halafu ghafla bahari hii hapa. Ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, na mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa chini ya TANAPA. Sifa yake ni moja kubwa: pori linashuka mpaka kwenye maji ya Bahari ya Hindi. Nyayo za tembo unaweza kuzikuta mchangani, mahali ambapo sisi tumezoea kuona ndala na maganda ya madafu.

Wengi wetu utotoni tulisimuliwa ile hadithi ya sungura aliyempa tembo ncha ya kamba, ncha ya pili akampa nyangumi (wengine husema kiboko). Kila mmoja akamwambia, "Tuvutane, nitakushinda!" Majitu mawili yakavutana kutwa nzima, moja nchi kavu, jingine majini, yasijue kwamba yanavutana yenyewe kwa yenyewe. Sungura kakaa kichakani, anacheka. Hadithi tamu, lakini imewaharibia jina wakubwa wawili kwa mpigo mmoja. Na kama kuna mahali mchezo huo ungeweza kufanyika kweli, ni Saadani. Tembo yuko upande huu wa mchanga, nyangumi anapita upande ule.

Ndiyo, anapita. Kila mwaka, kuanzia Julai hivi mpaka Novemba, nyangumi wenye nundu wanapanda kutoka bahari ya barafu ya Antaktika kuja kwenye maji yetu ya joto kupandana na kuzaa. Mtu mzima ana urefu wa mita 14 hivi na uzito wa tani 30 hivi. Mtoto anazaliwa na urefu wa mita 4, yaani kichanga kirefu karibu kama teksi. Kule kwao chakula chao ni vidudu vidogo vya baharini, ndugu na uduvi huu tunaokaanga na kitunguu. Huku kwetu mama hali karibu kitu chochote. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na bado ananyonyesha.

"WANAKUJA NA KUSI"

Kijijini Saadani tulimkuta mzee mmoja mvuvi anashona nyavu chini ya mti. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmetoka Dar?"

"Ndiyo mzee. Tumesikia nyangumi wanapita hapa."

"Wanakuja na kusi, wanaondoka kusi ikishalala. Hawakosei. Nyinyi mna kalenda, wao wana kichwa."

Akatusimulia. Usiku mmoja, zamani kidogo, walikuwa wametia nanga nje huko, wenzake wamelala ndani ya dau. Akasikia mtu anapumua nyuma ya kisogo chake. "Lakini mtu gani huyo, pumzi moja kama mfuo wa mhunzi?" Mbalamwezi ilikuwepo, akageuka, akaona mgongo unapanda majini, pembeni yake mgongo mwingine mdogo. Mama na mwanawe. Yule mtoto akawa anakisogelea chombo, kama watoto wote wasiojua hatari. Mama akazunguka taratibu, akajiweka katikati, dau upande huu, mtoto upande ule. "Angetupiga mkia tusingebaki. Hakutupiga. Alimtoa mwanawe, akaenda zake. Sasa wewe uliyesoma niambie, hiyo si akili?"

Sikuwa na la kumwambia zaidi ya ndiyo.

Kesho yake alfajiri tukapata boti ya mashine na kijana wa pale anayejua njia. Bahari ilikuwa shwari. Saa nzima hakuna kitu, rafiki yangu mmoja kashaanza kulalamika kwamba hela yake imezama. Halafu mbali kule ukapanda mvuke, kama mtu kafungua birika. Kijana akazima mashine. Rafiki yangu akaanza kupiga kelele, "Kamera! Kamera!" Kijana akamwekea kidole mdomoni. "Kaka, nyamaza. Huyu anasikia kuliko anavyoona."

Tukanyamaza. Mgongo ukapanda, nundu ikaonekana, kisha mkia ule mpana ukanyanyuka juu, maji yanachuruzika, ukazama bila hata kurusha tone. Ikawa kimya. Sisi watatu wa mjini, wapiga domo wakubwa, hatukuzungumza mpaka ufukweni.

MWIMBAJI ASIYE NA STUDIO

Lile neno la kijana, kwamba nyangumi anasikia kuliko anavyoona, lina ukweli mzito. Baharini mwanga hauendi mbali, sauti ndiyo inayosafiri. Ndiyo maana nyangumi dume mwenye nundu anaimba. Si mlio tu, ni wimbo wenye vipande vinavyopangwa na kurudiwa kwa utaratibu, na anaweza kuuimba kwa saa nyingi. Mwaka 1970 Mmarekani Roger Payne alitoa sahani ya santuri ya nyimbo hizo, na mwaka 1971 yeye na mwenzake Scott McVay wakaeleza kitaalamu kwamba huo ni wimbo kweli. Watu wakainunua sahani ile kama ya mwanamuziki yeyote.

Aliyekuwa mke wake, Katy Payne, akagundua jambo jingine. Alikaa na nyimbo za miaka mingi, akaona kwamba madume wa eneo moja wanaimba wimbo mmoja, na wimbo huo unabadilika mwaka hadi mwaka, wote wakibadilika pamoja. Kama vile mtaani: leo wimbo huu kila daladala, mwakani ukiupiga unaonekana mshamba.

Na si utani. Kwenye pwani ya mashariki ya Australia, mwaka 1996, walisikika nyangumi wachache sana wakiimba wimbo wa pwani ya magharibi. Kufikia 1998 pwani nzima ya mashariki ilikuwa imeacha wimbo wake na kuuchukua huo wa wageni. Baadaye, mwaka 2011, watafiti wakaonyesha nyimbo zikihama kutoka Australia kuelekea mashariki, kisiwa kwa kisiwa, mpaka Polinesia ya Kifaransa. Hiti zilienea bahari nzima bila redio wala promota.

Sasa sikia hili, nyinyi mnaopenda mashairi. Mwaka 1988 Katy Payne na Linda Guinee waliandika kwamba kwenye nyimbo ndefu zenye mambo mengi kuna miishio inayofanana, inayojirudia kama vina. Kwenye nyimbo fupi vitu hivyo ni haba. Wakadhani huenda vina hivyo vinamsaidia mwimbaji kukumbuka. Nani asiyejua kazi hiyo ya vina? Bibi zetu wa pwani wameshika tenzi ndefu kichwani kwa dawa hiyohiyo.

MAMA YULEYULE, MNYAMA MWINGINE

Hapa ndipo mambo yanaponoga. Mwaka 1984 Katy Payne huyohuyo alikwenda kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, kukaa na tembo. Akahisi kitu kinatetemeka hewani, kama unavyohisi besi ya spika kubwa kifuani hata kabla hujausikia muziki. Akarekodi. Kumbe tembo walikuwa wanazungumza kwa sauti nzito mno, chini ya kiwango ambacho sikio la binadamu linaweza kushika. Sauti ya namna hiyo huweza kwenda kilomita kadhaa porini.

Kwa hiyo ule mchezo wa sungura, kwa hawa ambao hata walio mbali wanasikilizana, ungekuwa mgumu kidogo.

Ukubwa wa ubongo nao si haba. Wetu ni kilo 1.4 hivi. Wa tembo ni kilo 5 hivi. Kuna aina ya nyangumi, yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba, ubongo wake unafika kilo 8 hivi, mkubwa kuliko wa kiumbe yeyote duniani. Lakini tusidanganyane na kilo. Hata friji kubwa huwa tupu. Swali ni kilichomo.

Na kilichomo, kwa tembo, tumekiona hapahapa nchini. Mwaka 1993 Tarangire ilipigwa na ukame mbaya. Watafiti waliokuwa wakiwafuata tembo wa kaskazini ya hifadhi walihesabu watoto 81, na katika miezi 9 wakafa 16. Lakini hawakufa sawasawa. Kuna koo zilizofunga safari zikatoka nje ya hifadhi kutafuta maji na majani, na hao watoto wao walinusurika zaidi. Ukoo uliobaki palepale ndio uliopata pigo kubwa. Tofauti ilikuwa nini? Koo zilizotoka zilikuwa na bibi wenye umri mkubwa. Ukame mwingine wa namna hiyo ulikuwa umepita mwaka 1958 hadi 1961, na bibi hao walikuwa na umri wa kuukumbuka. Ukoo uliobaki haukuwa na wazee wa umri huo, kwani majangili walikuwa wameshawapunguza miaka ya nyuma.

Ngoja nirudie, maana hili ndilo linalonikosesha usingizi. Jangili alipiga risasi bibi mmoja miaka ya sabini au themanini. Pembe zikauzwa, hela ikaliwa, ikaisha. Miaka ikapita, ukaja ukame, na watoto ambao hata hawakuwa wamezaliwa siku ya risasi wakafa, kwa sababu aliyejua njia ya maji hakuwepo.

Jirani zetu wa Kenya nao wana lao. Kule Amboseli, mwaka 2014, watafiti waliwawekea tembo sauti za watu kwenye spika. Wakisikia mwanamume wa Kimaasai, ambaye kwa desturi huweza kuwachoma mkuki, wanajikusanya na kuondoka. Wakisikia mwanamume wa Kikamba, hofu inapungua. Wakisikia mwanamke au mtoto wa Kimaasai, hofu inapungua pia. Yaani tembo anajua lugha gani hii, ya mwanamume au ya mwanamke, mkubwa au mtoto. Kuna makondakta wa Mbagala hawana ujuzi huo.

MSAFIRI KUTOKA KOLOMBIA

Turudi majini. Chini ya mkia wa nyangumi mwenye nundu kuna madoa meupe na meusi ambayo kila mmoja ana ya kwake, kama alama za vidole. Ukipiga picha nzuri ya mkia unaweza kumtambua mtu wako hata miaka 10 baadaye.

Basi kuna dume mmoja alipigwa picha pwani ya Kolombia, Amerika ya Kusini, upande wa Bahari ya Pasifiki, mwaka 2013. Agosti 2022 akapigwa picha tena. Wapi? Zanzibar! Ukipima moja kwa moja ni zaidi ya kilomita 13,000. Habari zake zilitolewa Desemba 2024, na hakuna nyangumi mwenye nundu aliyekuwa amerekodiwa kwenda umbali huo kati ya maeneo mawili ya kupandana. Labda alifuata chakula, labda alifuata wachumba, wataalamu wanabishana. Mimi najua vijana wa Tandika waliofika Afrika Kusini kwa sababu hizohizo.

TULIVYOWAFANYA

Sasa tuongee ya kuumiza. Bagamoyo na Saadani zilikuwa milango ya misafara. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilishuka kutoka bara mabegani mwa watu, zikavushwa Unguja, na nyingi zikaenda Marekani kutengenezewa vitufe vya piano. Wamarekani walikuwa na ubalozi mdogo Unguja tangu mwaka 1837, na meli zao za kuwinda nyangumi nazo zilitia nanga palepale kutafuta chakula na maji. Tembo auawe ili mtu apige piano, nyangumi auawe ili mtu awashe taa ya kusomea noti.

Karne ya 20 ikazidi. Upande wa kusini mwa dunia peke yake waliuawa nyangumi wenye nundu zaidi ya laki mbili. Usitishaji wa uwindaji wa kibiashara ulianza mwaka 1986, na wenye nundu wameongezeka tena. Ndiyo maana mimi na wewe leo tunaweza kukodi boti tukawaona. Kwa tembo hatukujifunza haraka: hesabu ya Tanzania ilishuka kutoka zaidi ya laki moja mwaka 2009 hadi kama elfu 43 mwaka 2014. Miaka mitano tu. Hesabu mwenyewe ni mabibi wangapi waliojua njia.

Halafu kuna baruti. Machi na Aprili 2015 watafiti walizunguka pwani ya Tanzania na kinasa sauti cha chini ya maji, wanatafuta sauti za nyangumi na pomboo. Katika saa 231 za kusikiliza walinasa milipuko 318 ya baruti za wavuvi haramu. Zaidi ya nusu ilikuwa jirani na Dar es Salaam, yaani kwetu. Walikwenda kusikiliza nyimbo, wakasikia mabomu. Baadaye serikali ilikaza kamba na milipuko ikapungua sana, na hilo tulipongeze. Lakini mnyama ambaye masikio yake ndiyo macho yake, ukimlipulia baruti karibu ni sawa na kumtia mtu vidole vya macho. Na jarife linalotegwa usiku halichagui, papa au mtoto wa nyangumi.

UKITAKA KWENDA KUWAONA

Vijana wenzangu, nendeni. Ni pwani yenu, msiwaachie Wazungu peke yao. Lakini nendeni na adabu. Jambo la kwanza, msiwafukuze kwa boti. Kule Kizimkazi, Unguja, zamani pomboo walivuliwa kuwa chambo cha papa. Tangu miaka ya tisini watalii wakawa wanalipa kuwaona wakiwa hai, na hilo ni jambo jema. Ila siku nyingine utaona boti kumi zinamzunguka mama na mtoto, watu wanarukia majini mbele yao. Hebu fikiria wewe unanyonyesha sebuleni, mabasi kumi ya watalii yanaingia.

Jambo la pili, mkimwona mama na mtoto, mwambieni nahodha azime mashine akae mbali. Mwaka 2017 watafiti huko Australia walieleza kwamba mtoto wa nyangumi mwenye nundu humnong'oneza mama yake, kwa sauti ndogo sana, pengine ili maadui wasimsikie. Mtoto ananong'ona, mashine yako inanguruma. Nani atasikika?

Jambo la tatu, kaa kimya dakika kumi. Wala huhitaji simu. Yule kijana wa Saadani hakusoma mambo ya Portland wala Australia, lakini kanuni ya kwanza alikuwa nayo: anayetaka kumjua mwenye akili, anyamaze kwanza amsikilize.

Kusi ikirudi, nao watarudi, na mama waliokuja mwaka juzi watawaonyesha njia waliozaliwa juzi. Na wewe mtu akikuita mnyama, usigombe. Muulize tu: yupi? Maana kama ni wale wa Saadani, mshukuru, umesifiwa.